Karatasi Mbili Chafu za Baba na Mwana

Mize Ngwali wa Wingwi alijulikana kwa mambo mawili: kusuka ukili wa mikeka kwa kasi ya cherehani, na kutonyamaza. La kwanza ndilo lililompa mume. Nassor wa Konde, muuza vipuri vya baiskeli, alikuja kununua mkeka wa kutandika dukani, akarudi kununua wa pili, wa tatu, mpaka alipofika wa tisa, kwa duka lenye nafasi ya kulaza mkeka mmoja na nusu, wazee wa Wingwi wakaelewa kwamba kijana huyu haumwi na sakafu.

La pili, la kutonyamaza, alilipeleka Konde pamoja na masanduku yake, akaingia nalo nyumbani kwa mavyaa wake, Bi Mgeni, mama yake Nassor. Huko alikuta tayari kuna mtu asiyenyamaza.

Bi Mgeni alikuwa mjane wa Mzee Hamad, na kazi yake kubwa ilikuwa ni asili. Wengine wana karafuu, wengine wana mashua. Yeye alikuwa na babu wa Shihiri, Uarabuni. Baada ya Mapinduzi babu huyo alifungiwa sandukuni kwa miaka mingi, maana hazikuwa zama za kutangaza mababu wa ng'ambo. Siku zilipolegea akatolewa, akapangusiwa vumbi, akawa anahudhuria kila harusi na kila kitanga cha msiba. Majirani walionong'ona kwamba babu mwenyewe alikuwa mchuma karafuu aliyewahi tu kumbebea mizigo Mshihiri mmoja, walinong'ona kwa mbali.

Mize alizaa watatu, wawili wakafa wadogo. Wa tatu akaitwa Jaribu, akabaki, lakini alibaki kwa taabu. Mara vidole vimevimba kama ndizi mbichi, mara macho manjano, mara analia mifupa siku mbili mfululizo asijue mama amshike wapi. Na kwa waganga, Pemba haina upungufu. Watu huvuka bahari kuwafuata. Wa kwanza alisema ni jini wa pwani. Wa pili akasema ni jini wa bara. Wa tatu, mtu wa suluhu, akasema ni wote wawili na wameoana. Kombe, yale maji ya maandiko, alizokunywa Jaribu kabla ya kutimiza miaka sita zingejaza pipa, na mifupa ikaendelea kuuma.

Mwaka 2016 ukaja mradi. Mradi ulikuwa na fulana, na kikaratasi cha kukunja mara tatu, na maabara katika nyumba ya kupanga pale Madungu, Chake Chake. Ulikuwa unapima damu za watoto wanaouguaugua, pamoja na wazee wao. Mize akampeleka Jaribu, akamburura na Nassor. Majibu yakaja: Jaribu ana siko seli. Mama anayo kwa kuibeba tu, haimuumizi. Baba, kipimo cha siko seli hakikumwona na kitu.

Mize alifurahi, ajabu hiyo. Miaka sita adui hana jina, leo analo. Akarudi Konde na kikaratasi mkononi, akakiweka juu ya meza. Hilo ndilo kosa lake.

Bi Mgeni, ambaye hajawahi kusoma hata risiti, alikisoma kikaratasi kile mara tatu. Halafu akamwita mkaza mwanawe uani, Nassor akiwa pembeni anaziba mpira wa baiskeli.

"Mize."

"Labeka, mama."

"Hebu nisomee hapa. Macho yangu hayaoni."

Macho ya Bi Mgeni yalikuwa yakihesabu kuku wa jirani kutoka dirishani. Lakini Mize akasoma: "'Mtoto huupata ugonjwa huu anaporithi kasoro kwa baba na kwa mama.'"

"Kwa baba na kwa mama."

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Na baba kapimwa?"

"Kapimwa."

"Kakutwa nayo?"

"Hakukutwa."

"Basi mwanangu," akasema Bi Mgeni kwa sauti laini ya kumwaga samli, "hiyo ya baba kaitia baba gani?"

Mize, yule asiyenyamaza, alinyamaza. Hakumwangalia mavyaa, alimwangalia mumewe. Ingetosha aseme neno moja. Ingetosha hata akohoe. Nassor alikuwa ameinamia mpira wake, anatafuta pancha iliyokwisha kuzibwa.

Asubuhi ile ile Mize akamfunga Jaribu mgongoni, mtoto wa miaka sita mwepesi kama wa minne, akenda zake kwao Wingwi.

Kikao kikapangwa Ijumaa ya pili yake, baada ya sala. Wajomba na maami wakae, Nassor aulizwe mbele yao: mtoto huyu ni wako au si wako? Akisema si wangu, Jaribu anakosa jina la baba, na Mize anapewa talaka yenye mkia mrefu kuliko talaka zote, mkia ambao Konde ingekaa ikiukanyaga miaka arubaini. Siku zilikuwa kumi na moja.

Siku ya sita Mize akenda Madungu.

Mtu wa maabara aliitwa Msellem, kijana wa Chake aliyesomea bara akarudi na shahada na koti jeupe. Koti hilo alilivaa kazini, alilivaa benki, na alionekana nalo sokoni akichagua dagaa. Alikuwa mtu mzuri. Ila alipoulizwa swali alijibu kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa huruma.

"Bi Mize, mbona umekuja peke yako?"

"Nimekuja na aibu yangu, tuko wawili. Wewe kijana ulisema damu zetu zimepelekwa bara zikasomwe herufi moja moja. Zimesomwa?"

"Zimerudi tangu wiki iliyopita. Yako ni nzuri sana."

"Nzuri vipi na ndiyo yenye kasoro?"

Msellem akacheka, akatoa karatasi. Ilikuwa na vilima vidogo vidogo vya rangi, vimepangana kutoka upande huu mpaka upande huu, mstari chini ya mstari. Akamweleza: maagizo ya kutengeneza damu yameandikwa mwilini kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Mwili unazisoma tatu tatu. Mashine huchora kila herufi kilima chake: A kijani, T chekundu, C buluu, G cheusi. Na kila mtu ana nakala mbili za maagizo hayo, moja katoa kwa baba yake, moja kwa mama yake, na mashine inazichora pamoja, moja juu ya mwenziwe. Zikiwa sawa unaona kilima kimoja. Zikihitilafiana unaona viwili vimepandana.

"Angalia hapa." Akaweka kalamu. "Kote kilima kimoja kimoja. Hapa tu, viwili: kijani na chekundu. Nakala yako moja inasema GAG kama inavyotakiwa, nyingine inasema GTG. A imeondoka, T imekaa mahali pake. Herufi moja imebadilishwa. Siko seli yote ni hiyo."

"Na mbele yake?"

"Mbele salama. Kama hakikutokea kitu."

"Za baba na mtoto?"

Msellem akajikuna shingo. "Hizo zimeharibika. Chafu. Ni umeme, Bi Mize. Wiki tuliyotoa damu umeme ulikatika, friji likapata joto. Zimesomwa mara mbili, mara zote mbili chafu. Nimeziandikia hazisomeki."

Kukatika kwa umeme, katika kisiwa kile, ni jibu linalotosha kila swali. Mchele umeungua, umeme. Mtihani umefelisha shule nzima, umeme. Hata wanaume waliochelewa kurudi nyumbani waliutumia. Msellem hakudanganya, aliamini kabisa. Tena mradi ulimwagiza atafute ile T moja, mahali pamoja, akiiona atie alama, asipoiona apite. Vilima vikivurugika, ni takataka, weka pembeni.

"Damu yangu ilikaa friji gani?" akauliza Mize.

"Friji hilo hilo."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi umeme unanipenda. Hebu zitoe hizo chafu."

"Hazina kitu, Bi Mize."

"Mimi mwenyewe naambiwa sina kitu. Zitoe tuonane."

Akazitoa. Mize akazichukua zote tatu akakaa chini sakafuni, maana kazi ya rangi na mistari hajawahi kuifanya juu ya kiti, akazitandaza mbele ya miguu yake. Koti jeupe likabaki limesimama.

Kusuka alianza akiwa na umri wa miaka saba, kwa shangazi yake aliyekuwa na jicho moja na ulimi wa watu wanne. Kosa la msukaji ni la namna mbili, hilo lilimwingia pamoja na makofi. La kwanza: umeshika mwaa, ule ujani wa kusukia, wa rangi isiyo yake, ulitakiwa kijani ukatia nyekundu. Panatokea doa moja, na nakshi inaendelea. Wanunuzi wa Unguja hawalioni. La pili: umeangusha mwaa mmoja, umeruka. Mahali penyewe hapaonyeshi chochote. Lakini kuanzia hapo kila rangi imewahi hatua moja, na ukija kuushona ukili huo na mwenziwe, nakshi zao hazikutani tena mpaka mwisho wa mkeka. Kosa hilo shangazi alikuwa halisemi. Alikuwa anafumua.

Mize akaitazama karatasi ya Nassor. Vilima vilianza vizuri, kimoja kimoja, safi. Halafu ghafla, kutoka mahali fulani hadi mwisho, viwili viwili, vimepandana, vurugu. Akaitazama ya Jaribu. Ilianza safi. Halafu vurugu.

Akaweka kidole huku, akaweka kidole kule. Akahesabu vilima kwa midomo.

"Msellem."

"Naam."

"Uchafu huu wa baba umeanzia wapi?"

Akainama. "Hapa. Pale pale karibu na..." Akaisogeza karibu karatasi ya Mize. "Pale pale penye A yako."

"Na wa mtoto?"

"Hapo hapo."

"Uchafu gani huo unaojua baba na mwana? Friji limepata joto, likahesabu herufi, likafika hii hii, likasema sasa niwaharibie wa ukoo mmoja?"

Msellem akachuchumaa. Koti likagusa sakafu.

"Na tazama," akasema Mize, "hivi viwili viwili si vurugu. Kilima hichi cha juu ni kile cha chini cha mbele yake. Na hichi ni cha mbele yake. Kila kimoja kimewahi hatua moja. Huu ukili mmoja umekamilika, mwenziwe umeangusha mwaa. Hapakubadilishwa kitu hapa, kijana. Pamepungua."

Msellem akachukua kalamu. Akaandika nakala iliyo sawa: CCT GAG GAG AAG TCT. Chini yake akaandika ile nyingine, akiitoa A moja tu na kuzisogeza zilizobaki, tatu tatu: CCT GGG AGA AGT CTG. Akalinganisha na vilima. Kijani palipotakiwa kijani, cheusi palipotakiwa cheusi. Akaendelea kuandika, herufi baada ya herufi, jasho likimtoka katika chumba chenye feni, mpaka akafika TGA, akaitupa kalamu.

"Nini?"

"TGA maana yake acha. Mwili ukifika hapo unadhani maagizo yamekwisha. Nakala hii haitengenezi kitu." Akainuka mbio, akafungua kompyuta. "Kuna faili la pili. Mashine husoma pia kutoka mwisho kurudi mwanzo. Sikulifungua, kwa nini nifungue, kama ni chafu..."

Likafunguka. Kutoka mwisho vilima vilikuja safi, kimoja kimoja, vikarudi nyuma safi kabisa, vikafika kwenye ile A, na hapo ndipo vurugu ilipoanzia, kwa upande wa pili. Ya Nassor hivyo. Ya Jaribu hivyo hivyo, na ile T ya mama yake ikionekana waziwazi juu ya nakala nyingine.

Msellem akakaa sakafuni, koti na shahada na yote.

"Bi Mize, hii ya baba si siko seli. Ni thalasemia, kasoro nyingine ya damu hiyo hiyo. Kipimo chetu hakiioni hata ukikipigia magoti. Mumeo anaibeba. Jaribu kachukua T kwako, na upungufu kwa baba yake. Zikikutana, mtoto anaumwa kama mwenye siko seli kamili." Akaivuta karatasi ya Nassor. "Na katika karatasi zote zilizorudi kutoka bara, vurugu hii sijaiona kwa mtu mwengine yeyote. Mtoto huyu ni wa Nassor. Kasaini mwenyewe."

Mize alizikunja karatasi taratibu, akazitia ndani ya buibui. Alipofika nje ya mlango ndipo alipolia.

Ijumaa kikao kikajaa. Ami yake Nassor, Mzee Kificho, ndiye aliyekalia kiti cha hukumu, mtu mwenye kipaji cha kulala macho wazi. Msellem alikuja na koti. Bi Mgeni alikuja na babu yake wa Shihiri, ambaye hakuonekana lakini nafasi ilikuwa ndogo kwa ajili yake.

"Mtaalamu atueleze," akasema Mzee Kificho.

"Samahani, ami," akasema Mize. "Karatasi isifunguliwe kwanza. Mimi nataka nimsikie Nassor kabla hajaambiwa na mashine."

"Aa! Sasa tumeitana ya nini?" akafoka Bi Mgeni.

"Aulizwe."

Mzee Kificho akamgeukia Nassor. "Haya baba. Mtoto ni wako au si wako?"

Mpira wa kuziba haukuwapo. Nassor alitafuta mahali pa kuinamia, hakupaona. Aliangalia mikono yake yenye grisi isiyotoka, akamwangalia mama yake, na watu waliokuwapo wanasema alikuwa wa rangi ya jivu.

"Wangu," akasema.

"Sema kwa sauti," akasema Mzee Kificho, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho kwa kweli.

"Wangu! Jaribu ni mwanangu. Na nilijua siku ile, na sikusema, na hilo mama yake asinisamehe kama hataki."

"Umechelewa siku kumi na moja," akasema Mize. "Lakini umefika. Msellem, fungua."

Msellem akaanza kwa Kiingereza, watu wakakohoa, akahamia kwenye huruma, watu wakapiga miayo. Ikabidi Mize aeleze yeye: nakala mbili kama kili mbili, doa la rangi huku, mwaa ulioanguka kule. Wanawake waliokaa mlangoni, wote wasukaji, walielewa kabla hajamaliza, wakaanza kuwaeleza waume zao.

"Ngoja," akasema Bi Mgeni. "Mnasema mwanangu ana kasoro? Mwanangu mimi?"

"Ana upungufu wa herufi moja, mama," akasema Msellem. "Hamuumizi, labda huchokachoka kidogo."

"Huchokachoka tangu mdogo! Mimi nikidhani ni mapishi ya mkewe." Akafikiri. Uso wake ulipita katika hali nyingi, nyingine ngeni kabisa kwake. "Na hiyo kaitoa wapi?"

"Kwako au kwa marehemu baba yake, mpaka tupime. Ni nadra huku. Huonekana zaidi nchi za Bahari ya Kati, na baadhi ya pande za Waarabu wa huko..."

Bi Mgeni akasimama.

"Waarabu!"

"Wa kaskazini, mama. Ni mbali sana na Shihiri."

"Bahari tu hiyo! Nilisema mimi! Miaka ishirini, thalathini, naambiwa mwongo. Si mmesikia? Ya kwangu hiyo, imetoka kwetu, imo ndani ya damu!" Akaipokonya karatasi, akaigeuza juu chini, akaipitisha kwa majirani waliokuwa wakinong'ona. "Ya Mize hii je? T? T wanayo watu wote. Hii yetu ni nadra. Kasema mtaalamu, nadra!"

Msellem alifungua mdomo aseme kwamba kasoro ni kasoro, lakini Mize akamgusa mkono. Mtu aliyekuja kukukatia jina mwanao, sasa anamng'ang'ania mtoto yule kama hati ya shamba, mwache apumue.

Jumatatu yake Bi Mgeni aliongoza ukoo mzima kwenda Madungu kupimwa, akiwakemea walioogopa sindano. Hakumwomba Mize radhi. Alimpelekea kuku, na kwa Bi Mgeni kuku yule alikuwa na uzito wa hotuba.

Mize hakurudi nyumbani kwa mavyaa. Alisema anamrudia mume, si ua wa mama yake. Nassor akapanga vyumba viwili nyuma ya duka, na mikeka tisa ikapata nafasi. Kila mwezi Jaribu anapelekwa kliniki, anapewa vidonge vyake, anakingwa na malaria, anakunywa maji kama samaki. Maumivu yanakuja, lakini siku hizi yakija yanakuta watu wanaojua la kufanya. Kuhusu mtoto mwengine, Msellem aliwaambia kila mimba ina nafasi moja katika nne za kutoka mgonjwa, na tatu za kutoka salama. Hilo wanalizungumza wawili, mlango umefungwa, na Bi Mgeni hajaalikwa.

Januari Nassor alimpeleka mwanawe kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu wa zamu, Bi Moza, alikuwa na foleni mpaka uwanjani na subira ya mtu ambaye hajanywa chai.

"Jina la mtoto?"

"Jaribu Nassor Hamad," akasema Nassor. "Jaribu Nassor. Nassor ndiye mimi."

"Nimesikia, baba. Ana maradhi yoyote tuyajue?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wanahadithia mpaka leo kwamba muuza vipuri, mtu asiyezungumza hata na wateja, alivuta kiti, akakaa, na akaeleza. Alieleza vilima vya rangi nne. Alieleza kusoma tatu tatu. Bi Moza akamtazama, kalamu imesimama hewani.

"Kwa ufupi, baba. Nina watu hamsini nje."

"Kwa ufupi, ana herufi mbili zenye kasoro," akasema Nassor. "Moja imebadilishwa, hiyo ya mama yake. Na moja imepungua." Akajigonga kifua kwa kidole cha grisi. "Hiyo andika ni ya kwangu."